Paka Naye ni Abiria

Mwalimu anayehamishwa kutoka Songea kwenda Tanga hasahau godoro, jiko la gesi wala vyeti vya watoto. Anayesahaulika ni paka. Lori likishapakiwa, jirani huombwa awe anamtupia mabaki, mlango unafungwa na familia inaondoka. Baada ya muda paka yule huonekana sokoni akigombania vichwa vya samaki na wenzake walioachwa kabla yake. Wanaomwacha si watu wakatili. Wengi wamekua wakisikia kwamba mbwa ni wa mtu na paka ni wa nyumba, hivyo nyumba ikibaki naye abaki. Na hata anayetamani kuondoka naye hukwama kwenye maswali ya vitendo: atapanda nini, atakaa wapi, na akianza kulia ndani ya basi itakuwaje?

Maswali hayo yanastahili majibu kamili, kwa sababu watu wetu wanahama kila siku: watumishi wa umma, wanafunzi, wafanyabiashara, wanaokwenda Ghuba na Ulaya kutafuta maisha. Hoja yangu ni kwamba paka anaweza kusafiri salama kwa karibu kila chombo tunachokitumia, ila usalama wake hauamuliwi na chombo. Unaamuliwa na maandalizi yanayofanyika nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari. Chombo chenyewe kipimwe kwa mambo matatu: joto lake, milango itakayofunguliwa njiani, na kama mwenye paka ataweza kumwona na kumfikia muda wote.

Anachokiogopa paka

Paka ni mnyama wa eneo. Usalama wake umo katika mahali anapopajua kwa harufu. Ana tezi za harufu mashavuni, kwenye kidevu na miguuni, na kila anapojisugua kwenye mguu wa kiti au pembe ya mlango anaweka alama inayomwambia kwamba hapa ni kwake. Ukimtoa nje ya alama hizo umemwondolea kila kitu kinachomtuliza kwa wakati mmoja. Juu ya hayo unamwongezea mtikisiko ambao miguu yake haiwezi kuutabiri, na kelele. Sikio la binadamu huishia kwenye sauti za karibu hertz 20,000. La paka husikia zaidi ya 60,000. Breki zinazokwaruza kidogo kwetu, kwake ni mayowe.

Ndiyo maana mbwa wengi hufurahia gari na paka wengi hulichukia. Mbwa anayemwona bwana wake amepata nusu ya alichokihitaji, lakini paka anamhitaji mtu wake pamoja na mahali pake.

Jambo la pili ni ukimya. Paka akilia, watu husema anateseka. Akinyamaza, husema amezoea. Mara nyingi ni kinyume. Paka aliyezidiwa na hofu huganda: anajibana kwenye kona, mboni zinatanuka hadi jicho zima linakuwa jeusi, masikio yanalala, hali wala hanywi. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya paka ni hayo. Akifika hatua ya kuhema mdomo wazi na kutoa udenda, mvua imeshanyesha. Paka hahemi ovyo kama mbwa, kwa hiyo kuhema kwake kuchukuliwe kama dharura.

Je, ni lazima aende?

Kabla ya kufikiria chombo, jibu swali hili. Kwa safari ya sikukuu au msiba kijijini, paka mzima ni heri abaki nyumbani, mtu anayemfahamu akiingia kila siku kumwekea chakula, maji safi na kusafisha mchanga wa choo chake. Safari ya siku chache humpa hofu ya kwenda na hofu ya kurudi bila faida yoyote. Paka mgonjwa, mwenye mimba changa au kubwa, na kitoto ambacho bado kinanyonya, wasisafirishwe bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Kuhama ni habari nyingine. Ukihama, aende. Ikiwa haiwezekani kabisa, akabidhiwe mtu aliyekubali kwa kinywa chake kumlea, si kuachiwa mtaa.

Kizimba ndiyo nusu ya safari

Tukiangalia stendi zetu, paka husafirishwa kwa vitu vinne: tenga la kuku, kikapu, boksi la katoni na kiroba. Tenga lina hewa nzuri lakini mianya yake hunasa kucha na miguu. Kikapu cha ukindu hutafunwa na kupasuliwa njiani. Boksi likilowa mkojo hufumuka chini, na paka hutokea pale ambapo hukutarajia. Kiroba ni hatari tupu: hakina hewa, kinabana kifua, na mtu yeyote anaweza kukikanyaga au kuweka mzigo juu yake akidhani ni mahindi. Waislamu wanaijua vizuri hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Anayefunga mdomo wa kiroba kwa kamba ana sababu ya kuikumbuka.

Kinachofaa ni kizimba kigumu chenye matundu ya hewa pande zote, mlango unaofungika sawasawa, na ukubwa wa kumwezesha paka kusimama, kugeuka na kulala. Cha plastiki ambacho sehemu ya juu hufunguka ni bora, maana daktari anaweza kumpima paka bila kumvuta kwa nguvu. Asiyeweza kukinunua atafute seremala amtengenezee sanduku jepesi la mbao lenye wavu wa chuma na kitasa cha nje. Misumari yote ielekee nje, na sakafu iwe na tandiko linalonyonya maji.

Sasa maandalizi yenyewe, na hapa ndipo wengi huharibu. Kizimba kinachotolewa stoo asubuhi ya safari ni mtego, na paka anajua hivyo. Kitolewe wiki tatu au nne kabla, kikae sebuleni mlango ukiwa wazi, ndani mna kitambaa anacholalia au fulana uliyoivaa. Siku za kwanza atakizunguka tu. Weka dagaa wachache mlangoni, kesho yake hatua moja ndani, baadaye mwisho kabisa. Akianza kula humo bila kuangalia nyuma, funga mlango kwa muda mfupi na umfungulie kabla hajalalamika. Kisha mnyanyue, mzunguke ndani, mtoke hadi barazani, mkae ndani ya gari lililozimwa, halafu lililowashwa. Siku ya safari atakuwa amebeba kipande cha eneo lake mwenyewe. Anaweza kuogopa basi, lakini haogopi alimokaa.

Chakula kizito kisitolewe saa nne hivi kabla ya kuondoka, kwa sababu paka huchafukwa na mwendo na hutapika. Maji hayakatazwi. Kama paka ana hofu kubwa, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia gabapentini, dawa ambayo hutumika kupunguza hofu ya safari, na ijaribiwe nyumbani kwanza siku isiyo na safari. Lisilofaa kabisa ni kumpa dawa za watu. Panadol, hata kipande, huua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja parasetamoli. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini nazo ni sumu kwake.

Barabarani

Gari binafsi ndilo lenye nafasi kubwa ya kufaulu, kwa kuwa mwenyewe unadhibiti joto, mwendo na milango. Kizimba kikae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele au kifungwe mkanda juu ya kiti cha nyuma, kikiwa kimefunikwa nusu kwa kanga ili paka aamue kuona au kujificha. Asiachiwe huru ndani ya gari. Paka aliyeshtuka hujipenyeza chini ya pedali za dereva, na ajali hiyo haitamwua yeye peke yake. Asiachwe pia ndani ya gari lililoegeshwa juani. Nje kukiwa na digrii 30, ndani hupita 40 katika muda wa dakika 10 hivi, na kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Paka hatoki jasho la maana isipokuwa kwenye nyayo, kwa hiyo hana njia ya kutosha ya kujipooza.

Basi la mkoani ndilo chombo cha wengi, na ndilo linalohitaji ujasiri wa kuzungumza mapema. Tazama linavyojazwa alfajiri katika kituo cha Magufuli pale Mbezi: konda ananyanyua mlango wa buti, magunia yanatangulia, mabegi yanafuata, ndoo za rangi zinabanwa pembeni, na mzigo wa mwisho unasukumwa kwa goti mpaka mlango ukubali kufunga. Humo hamna mwanga wala hewa ya kutosha, kuna vumbi na joto la injini, na hakuna anayesikia. Kumweka paka humo kwa safari ya Mwanza, yenye zaidi ya kilomita 1,000, ni kumweka mahali ambapo huwezi kumwona wala kumfikia. Katika vipimo vyetu vitatu, buti linaanguka vyote.

Kwa hiyo kata tiketi siku kadhaa kabla na useme wazi ofisini kwamba una paka mdogo ndani ya kizimba kitakachokaa miguuni pako. Kuuliza si ujinga, na jibu la ofisini lina uzito kuliko huruma ya konda wakati basi linaondoka. Chukua kiti cha dirishani upande usiopigwa na jua la mchana. Tangu Tanzania iliporuhusu tena mabasi ya mikoani kutembea usiku mwaka 2023, mwenye paka amepata nafuu kubwa: usiku kuna ubaridi, kelele hupungua na abiria hulala. Pale basi linaposimama abiria wale na kujisaidia, mwekee maji kidogo kupitia kidirisha cha kizimba, badilisha tandiko likilowa, lakini mlango usifunguliwe hata kidogo nje ya chumba kilichofungwa. Paka anayetoroka kwenye stendi ya Msamvu au Makambako hapatikani tena, kwa sababu mahali pale hana alama hata moja ya kumrudisha.

Daladala na matatu vinafaa kwa safari fupi ya kwenda kwa daktari, saa ambazo watu ni wachache. Bajaji ni afadhali, maana unakaa na kizimba mapajani. Bodaboda nisingeishauri. Kizimba kikibebwa mbele ya dereva kinazuia usukani, kikifungwa nyuma hukioni, na mngurumo wa injini upo sentimita chache kutoka sikio la paka. Pasipokuwa na njia nyingine, abiria akae nyuma na kizimba kifungwe mgongoni au kifuani mwake kwa mikanda miwili, mwendo uwe wa polepole na safari iwe fupi.

Relini na majini

Reli ya kisasa imebadilisha hesabu za safari. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, huchukua chini ya saa nne, karibu nusu ya muda wa basi. Madaraka Express ya Kenya imekuwa ikiunganisha Nairobi na Mombasa tangu mwaka 2017. Behewa lenye kiyoyozi, lisilotikisika sana na lisilosimama ovyo, ndilo paka angelichagua kama angeulizwa. Lakini idhini hupatikana kwa mwenye reli kabla ya kununua tiketi. Kumficha paka kwenye begi ni kosa la hatari. Stesheni ya Nairobi, pale Syokimau, mizigo hupangwa mstari na mbwa wa polisi huinusa mmoja mmoja. Fikiria hali ya paka aliyefungiwa gizani huku pua ya mbwa ikipita juu ya zipu.

Majini paka amesafiri tangu zamani sana. Huko Kupro waakiolojia walifukua kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita, mtu amezikwa na paka kando yake, na kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili: lazima waliletwa kwa chombo. Pwani yetu nayo paka na majahazi ni marafiki wa zamani kwa sababu ya panya wa shehena. Mji wa Lamu, unaojulikana kwa paka wake, hauna barabara za magari, na anayefika kwa barabara kutoka bara hupanda boti pale Mokowe. Boti la kwenda Zanzibar huchukua saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam.

Kanuni za maji ni chache lakini ngumu. Kaa katikati ya chombo na chini, ambako mawimbi hayatupi sana. Funika kizimba kisirushiwe maji ya chumvi, ila usizibe hewa. Kizimba kisifungwe kwenye chombo kwa kamba isiyofunguka haraka, kwani chombo kikipata ajali paka atazama nacho. Msimu wa kusi bahari huchafuka, kwa hiyo anayeweza kuchagua asubiri siku shwari. Kwenye Ziwa Victoria, meli ya usiku kati ya Mwanza na Bukoba ina vyumba; pale wahudumu wanapokubali, chumba chenye mlango ndilo jibu bora la safari ndefu, maana paka anaweza kutoka, kujinyoosha na kutumia sinia lake la mchanga.

Angani

Ndege huogopwa kuliko inavyostahili. Mashirika huongozwa na kanuni za kusafirisha wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinazotaka mnyama anayesafiri sehemu ya chini awe na kizimba kigumu, chenye hewa na nafasi ya kusimama na kugeuka. Paka husafiri kwa njia tatu: ndani pamoja na abiria, kizimba laini kikiwa chini ya kiti cha mbele, kwa uzito ambao mara nyingi hauzidi kilo 8 pamoja na kizimba, chini kama mzigo wa abiria, au kama shehena yenye hati yake. Sehemu ya chini inayotengwa kwa wanyama ina mgandamizo wa hewa sawa na wa juu, na joto lake hudhibitiwa. Hatari kubwa iko ardhini, kizimba kinaposubiri juu ya lami ya uwanja wakati wa jua kali. Kwa hiyo chagua ndege ya usiku au alfajiri, na isiyo na kubadilisha njiani kama ipo. Paka wa pua bapa, kama Persian, hupumua kwa shida, na mashirika mengi huwakataa sehemu ya chini. Dawa ya usingizi isitolewe: hushusha shinikizo la damu na kumnyima mnyama uwezo wa kujirekebishia joto mahali ambapo hakuna wa kumwangalia.

Mahali pa kujiandaa zaidi ni kwenye ukaguzi. Kizimba hupita kwenye mashine kikiwa kitupu, na mwenyewe hupita mlangoni akiwa amempakata paka. Paka awe amevaa mkanda wa kifuani tangu nyumbani, kamba yake imezungushwa kifundoni kwa mwenyewe. Omba kukaguliwa kwenye chumba kilichofungwa pale kinapopatikana.

Kwamba safari ya mbali inawezekana, pwani yetu yenyewe ina ushahidi. Mwaka 1978, Jeni Slater aliyekuwa akiishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, aliokota vitoto vya paka wenye mabaka ambao Wagiriama waliwajua tangu zamani kwa jina la khadzonzo. Mwaka 1984 baadhi ya kizazi chao walipelekwa Denmark, wakazaliana huko, na leo dunia inawatambua kama aina kamili ya paka, Sokoke. Safari yao ilianza kwenye kizimba.

Makaratasi yana sababu

Wengi huona vibali kama usumbufu. Historia ya Pemba inatufundisha vingine. Kisiwa hicho kiliwahi kuondokana na kichaa cha mbwa, na uchunguzi wa jeni za virusi ulionyesha kwamba ugonjwa ulirudi karibu mwaka 2016 kwa wanyama waliovushwa na watu. Ilibidi chanjo kubwa ya mbwa ifanyike mpaka ukadhibitiwa tena mwaka 2018. Paka naye huambukizwa kichaa na huweza kumwambukiza mtu. Cheti cha chanjo, basi, kinamlinda mtoto wa jirani huko uendako.

Ndani ya nchi, beba cheti cha chanjo na hati ya afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali. Ukivuka Namanga, Holili au Rusumo, tafuta kibali cha nchi unayoingia kabla hujafika mpakani. Anayekwenda Umoja wa Ulaya aanze mapema zaidi. Paka awekwe chipu ya tarakimu 15 chini ya ngozi, kisha achanjwe akiwa na umri usiopungua wiki 12. Baada ya siku 30 au zaidi achukuliwe damu, na maabara iliyoidhinishwa ipate kiwango cha kingamwili kisichopungua 0.5 IU/ml. Kuanzia siku ya kutolewa damu, isubiriwe miezi mitatu. Jumla ni miezi minne na zaidi, na mpangilio huo ukivurugwa, kwa mfano chanjo ikitangulia chipu, unaanza upya. Uingereza inataka mambo kama hayo, na paka anayefika kwa ndege huingia kama shehena. Umoja wa Falme za Kiarabu nao hutaka kibali cha kuingiza mnyama kabla ya safari.

Safari haiishii mlangoni

Ukifika, usimfungulie paka nyumba nzima. Mpe chumba kimoja chenye kizimba chake kikiwa wazi, maji, chakula na mchanga, na mwache atoke mwenyewe. Vitambaa vyake vya zamani visifuliwe, kwani vimebeba harufu anayoitegemea. Asitoke nje kwa wiki mbili au tatu, la sivyo ataondoka kuitafuta nyumba ya zamani.

Mzigo huu hauwezi kubebwa na mwenye paka peke yake. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini abiria akifika dirishani kukata tiketi hupata jibu linalotegemea aliyepo zamu. Kampuni za mabasi, boti na treni ziandike waziwazi: paka anaruhusiwa au la, kizimba cha ukubwa gani, kitakaa wapi, nauli yake ni kiasi gani. Nauli ndogo ya paka ni mapato, na kanuni iliyobandikwa ukutani huondoa ugomvi kati ya konda, abiria anayechukia manyoya na mwenye paka. Abiria huyo naye ana haki zake, maana wapo wanaopata pumu kwa sababu ya paka, na kanuni ingewalinda wote wawili.

Mpaka siku hiyo ifike, anayejua kwamba atahama mwezi ujao atoe kizimba stoo leo, akiweke sebuleni na aache mlango wake wazi. Paka aliyetulindia unga na nguo dhidi ya panya kwa miaka ametimiza upande wake wa makubaliano. Kumtafutia nafasi kwenye safari ya familia ni upande wetu, na sasa hatuna kisingizio kwamba haiwezekani.